Nina hela ya bunduki moja tu: 375 au 458 kwa nyati?

Dereva_wa_Porini (Tabata)

Wakuu, habari za jioni. Nimepiga misimu sita kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii. Minne ya kwanza nilikuwa nyuma ya usukani wa Land Cruiser, miwili hii ya mwisho nimekuwa msaidizi wa mwindaji bingwa. Mungu akijalia mwakani nafanya mtihani niwe bingwa mwenyewe, na bosi ameshanitangazia kwamba bunduki ya kuazima mwisho msimu huu.

Marehemu baba mdogo aliacha Mauser ya 9.3x62, risasi yake ina upana wa milimita 9.3. Mtutu bado mzuri, sasa hivi iko polisi inasubiri mirathi. Nikajua nimeshamaliza kazi. Kumbe kima cha chini kwa nyati na wanyama wakubwa wa hatari ni 375, yaani upana wa risasi kwa elfu za inchi, na hiyo 9.3 ukiigeuza inakuwa 366. Nimekosa treni nikiwa stesheni.

Hela niliyonayo ni ya bunduki moja. Kambini karibu wote wanabeba 458 na wanasema 375 ni ya wageni. Mimi nina kilo 61. Mwezi wa nane mteja alinipa 458 yake nijaribu, ina darubini juu. Risasi ya kwanza darubini ikanipasua nyusi, nyuzi tatu. Ya pili nilipiga darubini ikiwa imetolewa, na sijui mpaka leo ilikwenda wapi. Pale kambini nilisema jua lilinipiga machoni, ila nadhani nilifumba macho. Niliporudi nyumbani mama watoto akauliza nimepigana na nani.

Naombeni ushauri wa mtu aliyetembea kwa miguu porini. Wa YouTube nimeshaangalia wote.

Kijiwe_Sinza

Nyati gani tena mkuu, wale wa machinjio ya Vingunguti? Hao hata bila leseni 😂

Chuma416

Zote mbili achana nazo. 416 Rigby, ipo tangu 1911. Kichwa cha risasi cha gramu 26 kinatoka kwa mita 730 kwa sekunde, kinapenya kuliko 458 na kinakwenda mbali kama 375. Ukishaibeba hutarudi nyuma.

Dereva_wa_Porini

Mkuu Chuma, nimepita duka la silaha mjini wiki iliyopita. Risasi za 375 zipo, za 458 zipo, za 416 jamaa alicheka akaniambia niagize halafu nisubiri.

Mzee_Rungwa

Kijana, pole na nyusi. Mimi nimestaafu, niko Mbagala nafuga kuku, lakini miaka 27 niliimalizia kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Moyowosi na Selous, nikianza kama mfuata nyayo. 458 nimeibeba miaka mingi kuliko 375, kwa hiyo usije ukadhani naiponda kwa sababu sijaizoea.

Nunua 375.

Kwenye boksi la 375 utaona 300, huo ni uzito kwa kipimo cha grain, yaani kichwa cha gramu 19 na nusu, kinatoka kwa mita 770 hivi kwa sekunde. 458 inatupa gramu 32 kwa mita 630 hivi. Ukipiga hesabu 458 iko juu, sibishi, na kwenye matete nyati aliyejeruhiwa akikujia hatua kumi utaitamani. Lakini teke lake linazidi la 375 karibu mara moja na nusu, na wewe umeshaandika mwenyewe kwamba ulifumba macho. Nyati aliyepigwa tumboni haulizi ilikuwa namba ngapi. Anaingia kichakani, na wa kumfuata ni wewe.

Usione aibu. Selous mwenyewe, yule mwindaji Mwingereza ambaye pori lile limebeba jina lake na kaburi lake liko Beho Beho tangu 1917, ujanani aliwinda tembo na magobore ambayo risasi zake nne zilikuwa ratili moja. Yalimpiga mateke mpaka baadaye akajuta, akasema yalimharibia ulengaji. Kama Selous aliharibika, wewe wa kilo 61 ni nani?

Jipime hivi. Tafuta risasi bandia mbili tatu za mazoezi. Mpe mwenzako bunduki aingize risasi moja yeye mwenyewe, wewe umegeuka, usijue ni ya kweli au bandia. Lenga, vuta. Ikiwa bandia na mdomo wa mtutu ukachovya chini kama kuku anayedonoa, jua mwili wako umeanza kuogopa kabla ya mlio. Mimi nilipofanyiwa hivyo mara ya kwanza mtutu ulishuka kiganja kizima, na nilikuwa na miaka tisa kazini. Tulikuwa watatu, tukacheka mpaka tukakaa chini. Dawa yake ni kurudia hivyo hivyo, bandia nyingi na za kweli chache, mpaka mtutu utulie. Usipige zaidi ya tano za kweli kwa siku.

Sasa nikupe na kisa cha 458. Waliitoa mwaka 1956 wakitaka iingie kwenye bunduki ya urefu wa kawaida, kwa hiyo ganda likawa fupi na baruti ikashindiliwa humo. Risasi za zamani zikikaa, ile baruti ilikuwa inashikana na kuwaka nusunusu. Za siku hizi wamerekebisha. Zangu hazikuwa za siku hizi. Mteja aliacha boksi, nami kwa ubahili nikalibeba msimu uliofuata. Tuko Moyowosi, dume limejeruhiwa, liko hatua ishirini linatutazama kama linatudai. Nikavuta. Mlio ukawa kama mtu amefungua soda. Mkono wangu ukaenda kukoki nipige ya pili, mfuata nyayo wangu akanishika kifundo cha mkono akakaza. Mzee yule hakuwahi kunishika maishani. Mteja, Mhispania mmoja mfupi, akapiga na 375 yake mara mbili na dume likakaa. Tulipofungua bunduki yangu na kuchungulia mtutu, hatukuona mwanga. Kichwa kimekwama katikati. Ningekoki na kupiga ya pili, mtutu ungenipasukia usoni, nyusi isingekuwa shida yangu.

Kwa hiyo risasi za urithi, za zawadi, za "chukua tu mkuu", usibebe kwenye nyati.

375 nayo ina tabia zake. Ganda lake ni refu na limechongoka kuelekea mbele, ndiyo maana hata joto la mwezi wa kumi linatoka chemba bila kung'ang'ania. Toka 1912 watu wanaipendea hilo. Lakini kwa sababu ni refu, ukivuta bolti (lile komeo la kukokia) kwa woga hutaifikisha mwisho, ganda tupu halirushwi, na ukisukuma mbele unarudisha ganda lile lile. Unavuta kifyatulio unasikia "ta". Nimemwona kijana jasiri kuliko wewe akifanya hivyo mbele ya simba. Kila jioni kambini koki mara ishirini na risasi bandia, vuta mpaka bolti igonge.

Kulenga unajua, lakini narudia: nyati akisimama ubavu, panda na mguu wa mbele, theluthi ya kifua kutoka chini. Wengi wanapiga juu kwa sababu nundu ya bega inawadanganya. Ya kwanza iwe kichwa laini, kinachotanuka kikiingia lakini hakivunjiki, hasa akiwa kwenye kundi, maana kichwa kigumu kinaweza kumpita na kumkuta jike nyuma yake. Zinazofuata ziwe ngumu.

Na hiyo 9.3 usiiuze, nakuomba. Bwana Otto Bock wa Berlin aliibuni 1905 ili walowezi wa Kijerumani huku Afrika wapate bunduki ya bei nafuu yenye nguvu. Kwa pofu, kongoni na ngiri hutapata rafiki bora, na haitakupiga.

Kitimoto_Pro

Mzee heshima yako, ila mbona Bell, yule mwindaji wa tembo wa zamani, aliua tembo zaidi ya elfu, na wengi alitumia bunduki ndogo ya milimita 7? Hizi namba kubwa ni biashara ya wazungu tu.

Mzee_Rungwa

Marahaba. Bell alikuwa anachagua tembo, anachagua upande, anachagua dakika. Asiporidhika anaondoka, kesho yupo. Ubongo wa tembo aliujua kama unavyolijua jiko lenu. Huyu kijana atasimama nyuma ya mteja aliyetua juzi uwanja wa Nyerere, ambaye atapiga vibaya, halafu yeye ndiye atapiga nyati anayekimbia akiwa ameshakasirika. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Na sheria nayo ipo.

Chuma416

Mzee, mmenimaliza kwa duka tu, siyo kwa 416. Siku risasi zikipatikana tutarudi hapa.

Mzee_Rungwa

416 ni bunduki nzuri sana mwanangu. Nikiwa na hela ya kuagiza ningekuwa nayo. Nina kuku.

Dereva_wa_Porini

Shikamoo mzee. Jana nimejaribu kama ulivyosema, nimeazima 375 ya rafiki yangu kwenye uwanja wa shabaha, yeye ndiye alikuwa ananiwekea. Bandia ya kwanza mtutu umeshuka. Ya pili umeshuka. Ya tano ukabaki pale pale, na ya kweli iliyofuata ikaingia kwenye kikaratasi cha ukubwa wa sahani kutoka hatua hamsini. Bega linauma lakini macho yalikuwa wazi, niliona moshi.

Swali la mwisho: niweke darubini au niache vilengeo vya chuma?

Mzee_Rungwa

Marahaba. Weka ndogo, ya ukuzaji mdogo, yenye vibanio vya kufungua kwa mkono bila bisibisi. Kwa mteja anayepiga mita themanini ikusaidie kuona alipogonga. Mkianza kufuata damu, itoe uiweke kwenye mkoba wa mfuata nyayo. Na ukiifunga, ifunge mbele, vidole vinne kutoka jichoni. Nyusi moja inatosha.