Waliochanja mabinti zao HPV, tupeane uzoefu

MamaNasra: Wadau, habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la nne, ana miaka 10. Shule imeleta taarifa kwamba wasichana wa miaka 9 hadi 14 watachanjwa HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo za utotoni alimaliza zote, kadi ya kliniki ninayo. Hii ndiyo inaninyima usingizi. Mama mkwe ameapa mjukuu wake hachomwi sindano ya kumfunga kizazi. Mimi nawaza huko mbele, akifika 25, 30, itakuwaje? Mliochanja tangu 2018, watoto wako salama? Naomba uzoefu, si matusi.

Kibuyu: Wangu alichomwa mwaka huohuo 2018, akiwa na miaka 14. Enzi hizo zilikuwa dozi mbili, siku hizi ni moja. Mkono ulimuuma, basi. Mwaka jana kanipa mjukuu.

Nyakato_Damu: Wangu homa ya usiku mmoja tu.

Chatu: Mjukuu mmoja si ushahidi. Mniambie kwa nini ni bure. Panadol nanunua, dripu nanunua, ila sindano ya kutoka ng'ambo napewa bure na kufuatwa mpaka darasani? Na shuleni kwetu wasichana walianguka mmoja baada ya mwingine, nimeshuhudia kwa macho yangu. Mmoja alibebwa mgongoni na mwalimu, viatu vimemtoka.

NesiZamu: Kuzimia kupo, kaka, sikatai. Mabinti wa rika hilo huzimia kwa woga wa sindano, na akianguka mmoja mbele ya foleni, wenzake wanamfuata. Ndiyo maana wanatakiwa wakae dakika 15 kabla ya kurudi darasani. Mtoto anywe uji asubuhi, asisimame juani. Na hiyo bure, serikali na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, ndio wanaolipa. Kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani kwako ulililipia shilingi ngapi?

Chatu: Bega langu liache.

NesiZamu: Basi na watoto wa watu usiwatishe.

Mwana_Kitale: Hayo maneno ya kufunga kizazi yamenitonesha kidonda. Huku Kenya mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki walisema chanjo ya pepopunda ya akina mama imetiwa homoni ya kuwafanya wasizae. Serikali na WHO walikana, lakini kijijini maneno yalikuwa yashafika. Wifi yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Kila akitakiwa kudungwa kliniki, anasingizia kitu. Akazalia nyumbani, kitovu kikakatwa kwa wembe, wakapaka jivu. Mtoto wa kiume, alinyonya vizuri siku za kwanza. Halafu akaacha. Anataka titi, analilia titi, lakini taya haifunguki. Tulipomfikisha hospitali wakamlaza chumba chenye giza, kwa sababu mwanga tu ulitosha kumkakamaza. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, mgongo unajipinda kama upinde, ngumi zimekazwa, na sauti haitoki. Wifi hakuruhusiwa kumbeba, kumgusa kulimletea mkakamao ule. Wiki ya pili hakuimaliza. Baadaye wifi alidungwa zote bila kuulizwa mara mbili, na leo ana wawili.

Kibuyu: Pole sana ndugu yangu. Nimeshindwa hata kula.

Nyakato_Damu: Poleni jamani.

Chatu: Pole, kwa dhati. Ila pepopunda na HPV ni vitu viwili tofauti.

Mwana_Kitale: Sindano mbili, uvumi ni uleule.

BintiSaidi: MamaNasra, umeuliza ya miaka ijayo. Chanjo ya HPV ilianza kutumika duniani 2006. Uingereza waliingia mashuleni 2008, wakawafuatilia mabinti hao. Utafiti uliotoka 2021 ulionyesha waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, saratani hiyo ilishuka kwa 87%. Hao sasa ni wanawake wazima. Mimi nimemuuguza mama Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kwa ugonjwa huohuo, nimebadilisha zile kanga usiku kucha. Binti yangu nilimpeleka mwenyewe.

Mpiga_Soga: Mpe panadol kabla hajatoka nyumbani.

NesiZamu: Hapana, usimpe kabla. Subiri homa ije, ikija.

Mpiga_Soga: Basi panadol ampe mama mkwe 😄

Chatu: Wangu hachanjwi, nimemaliza.

MamaNasra: Asanteni. Kesho naenda kumuuliza mwalimu nani anabaki na watoto hizo dakika 15. Mama mkwe nimemsomea yote, amenyamaza, kisha akauliza: yule wifi wa Kitale, hao wawili kawazaa kabla ya sindano au baada?

Mwana_Kitale: Mwambie baada, wote wawili. Akitaka kuongea na wifi mwenyewe, nitamwomba.