Nyumba Kubwa (familia tu)

*JUMATATU*

[20:02] Da Saida: Habari za jioni wote. Jana nilituma, mkasoma, mkanyamaza. Narudia. Waifai haifiki chumba cha uani, barazani inakatakata, getini ndiyo hakuna kabisa. Zuu ana usaili wa mtandaoni Alhamisi saa tatu asubuhi na analala uani. Tunafanyaje?

[20:17] Da Saida: Tiki za bluu naziona.

[20:31] Hamisi: akafanyie chooni. choo cha ndani kinashika kuliko barazani

[20:31] Zuu: Kaka si utani, kweli kinashika. Vijiti vitatu

[20:32] Hamisi: "binti hapo ulipo ni wapi?" "ofisini kwangu bosi" 😂😂

[20:33] Tatu: 😂😂😂

[20:34] Zuu: Na Ma Mdogo anagonga mlango katikati ya swali

[20:36] Da Saida: Hamisi.

[20:36] Hamisi: nimeacha

[20:40] Da Saida: Salum uko wapi? Haya ni mambo yako.

[22:58] Salum: Samahani da, nimetoka kazini sasa. Ruta bado imo ndani ya kabati la vyombo?

[23:01] Ma Mdogo: Imo. Niliiweka mimi. Vumbi.

[23:06] Salum: Basi tuanzie hapo. Sufuria pande zote na nyuma kuna kile kioo cha kujitazamia, ambacho mgongoni kimepakwa madini. Mawimbi yanagonga yanarudi. Itoke, ikae ukumbini juu ya rafu, wazi. Antena zisimame wima. Watu huzilaza kuelekeza upande wanaotaka, kumbe mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, nchani hakuna kitu.

[23:07] Salum: Halafu Zuu asimame karibu nayo kabisa apime kasi. Kama hapohapo ni mbovu, shida ni laini yenyewe na hayo mengine tunajisumbua

[23:09] Ma Mdogo: Vumbi nani atafuta?

*JUMANNE*

[13:20] Zuu: Shikamooni. Nimeihamisha. Kando ya ruta kasi ni nzuri tu. Nimepima nguvu kwa programu: ukumbini -48, barazani -71, chumbani kwangu -79 (ilikuwa -86). Getini haisomi.

[13:44] Mjomba Kassim: Hizo hasi ni madeni?

[13:45] Hamisi: mjomba hiyo ndo hesabu ya pampu 😂

[13:52] Mjomba Kassim: Nani kataja pampu?

[13:53] Mjomba Kassim: Maana risiti ninayo. Iko hapa. Mwenye kumbukumbu fupi nimpigie picha.

[13:55] Da Saida: Mjomba tafadhali, tuko kwenye waifai.

[13:58] Mjomba Kassim: Kila mara tuko kwenye kitu. Leo waifai, kesho mchango, keshokutwa Kassim hana lolote.

[14:03] Ma Mdogo: Kaka Kassim, na pampu ilifia mikononi mwa nani?

[14:03] Tatu: 🙈

[14:30] Salum: Kuhusu namba: ikiikaribia sifuri ndiyo nguvu. Ikishuka kwa 10, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa video tafuta -67 au bora zaidi. Hiyo -79 ujumbe utakwenda, ila uso wa Zuu utaganda mdomo wazi

[14:33] Hamisi: kwani tusinunue ruta ya antena nane yaishe

[14:41] Salum: Haiishi hivyo. Hata ruta ikisikika mpaka getini, simu nayo lazima ijibu, na nguvu yake ya kurusha ni ndogo. Utaona vijiti vimejaa, ukurasa haufunguki, utukane kampuni bure.

[14:45] Da Saida: Na ile ripita ya Kaka Mkubwa?

[14:46] Zuu: Iko kwenye soketi chumbani kwangu. Taa nyekundu tangu ifungwe

[14:59] Salum: Lazima iwe nyekundu. Ripita haitengenezi mtandao, inarudia ilichosikia, na hapo haisikii kitu. Ihamie koridoni, nusu ya njia. Lakini hiyo ina redio moja, inapokea na kurusha kwa zamu, kasi inashuka karibu nusu. Kwa Alhamisi itatosha. Dawa ni waya.

[15:06] Salum: Kutoka ukumbini hadi uani, mwisho wake tunafunga ruta ya zamani. Waya wa mtandao unabeba hadi mita 100, sisi hatufiki hata theluthi. Ile ya zamani naizima kazi ya kugawa anwani, naipa anwani yake isiyogongana na ya kubwa, jina na paswedi vilevile. Ya ukumbini chaneli 1, ya uani 11, zisiingiliane.

[15:08] Da Saida: Unapita wapi?

[15:10] Salum: Tunatoboa ukuta wa chumba cha kati. Tundu la kidole tu.

[15:11] Da Saida: Vizuri. Kesho jioni. Hamisi drili.

[15:40] Hamisi: 👍

*JUMATANO*

[06:12] Babu: Hamjambo wanangu. Zuu amenisomea yote. Ukuta wa chumba cha bibi yenu hautobolewi.

[06:38] Da Saida: Shikamoo Babu. Tumesikia.

[06:44] Salum: Shikamoo Babu. Hautobolewi.

[07:02] Ma Mdogo: Shikamoo Baba. Ahsante.

[09:15] Hamisi: Shikamoo Babu 🙏

[12:30] Babu: Marahaba. Kassim hajanisalimu.

[12:31] Mjomba Kassim: Shikamoo Baba.

[12:50] Babu: Marahaba.

[16:20] Da Saida: Salum, njia nyingine.

[17:35] Salum: Ipo. Darini, inatokea chini ya paa, inashuka ukuta wa nje. Sehemu ya nje itake waya wa nje wenye ganda la kustahimili jua, wa ndani hukakamaa ukapasuka. Ruta ya uani ikae ukutani chini ya dari, siyo juu yake, bati lile litaturudishia kila kitu.

[17:37] Da Saida: Na getini?

[17:49] Salum: Getini kuna tangi la maji katikati, na maji yanameza mawimbi. Kule panahitaji kifaa chake cha nje, kisichoingiza maji, na kinga ya radi kwenye waya. Hiyo ni bajeti nyingine.

[17:50] Hamisi: au tuhamishe tangi

[17:50] Hamisi: pampu si haipo 😂

[17:51] Da Saida: HAMISI

[18:30] Zuu: Ripita iko koridoni. Chumbani -66!!

[18:41] Salum: Safi. Kesho tumia waifai ya masafa ya 2.4, ya 5 ina kasi lakini ukuta unaishinda. Na saa tatu hadi saa nne mtu asiwashe maikrowevu, masafa yake ni hayohayo ya 2.4.

[18:44] Ma Mdogo: Chai ya Babu je?

[18:52] Da Saida: Ma Mdogo, kwa kesho ipashwe mapema. Sasa Jumamosi saa nne: Salum waya, Hamisi anapanda darini. Ngazi iko kwa Mjomba. Wengine thibitisheni.

[20:10] Da Saida: Thibitisheni.

[21:05] Mjomba Kassim: Ngazi ipo. Anayeitaka aje mwenyewe tuzungumze kwanza.

[21:06] Hamisi: mimi siendi

[21:20] Salum: Da, urefu wa waya bado. Zuu pima kwa kufuata ukingo wa dari, uongeze mita 3 za kuchezea

[21:34] Kaka Mkubwa: Nimeingia sasa hivi. Ripita yangu nani kaing'oa?

[21:36] Zuu: Nitapima nikimaliza usaili