Kipimo cha usingizi cha nyumbani kinasema AHI 4 (pumzi kukatika au kupungua mara 4 kwa saa), mgonjwa bado anasinzia mchana

Tabibu_Bara:
Wakuu, habari za kazi. Dereva wa lori, miaka 44, shingo sentimita 44, anakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia. Epworth (dodoso la kusinzia mchana) 16 kati ya 24. Kifaa cha nyumbani kilirekodi saa 8, pumzi ikakatika au kupungua mara 32, yaani AHI 4. Ripoti inasema "kawaida". Nimruhusu arudi barabarani?

Pumzi:
Usimruhusu. Kifaa hicho hakina elektrodi za kichwani za kunasa mawimbi ya ubongo, kwa hiyo hakijui mtu kalala saa ngapi. Kinagawa kwa muda wote kiliorekodi. Kama alilala saa 5 tu, hizo 32 zinatoa 6.4. Akishavuka 5, na dalili anazo, huyo ana ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Halafu pumzi ikipungua ikamzindua bila oksijeni kushuka angalau asilimia 3, haihesabiwi kabisa, maana kuzinduka huonekana kwenye mawimbi ya ubongo. Kipimo cha nyumbani kinaweza kuthibitisha ugonjwa, hakiwezi kuufuta. Akalale kliniki, polisomnografia kamili, yaani kipimo cha usiku mzima chenye elektrodi.

Zamu_ya_Usiku:
Naongezea maandalizi, maana usiku mzima huharibikia hapo. Nywele zioshwe, zisipakwe mafuta. Kwa akina mama, rasta na wivingi vifumuliwe, la sivyo elektrodi zinabanduka na saa nane usiku mtu anaamshwa zibandikwe upya. Piko na rangi ya kucha huidanganya oksimita, kile kipima oksijeni cha kidoleni. Kahawa mwisho saa sita mchana. Kwenye ripoti tafuta muda aliolala chali: wapo ambao pumzi hukatika wakiwa chali tu, na akilala ubavu usiku kucha atatoka msafi.

mkesha:
Mbona hakuna aliyeuliza analala saa ngapi? Lori la usiku hilo. Ajaze shajara ya usingizi wiki 2. Polisomnografia ikiwa safi na kalala walau saa 6, kesho yake abaki kwa kipimo cha kusinzia mchana: vipindi 5, kila baada ya saa 2, kila kimoja apewe dakika 20 za kushikwa na usingizi. Wastani ukiwa dakika 8 kushuka chini, na usingizi wa ndoto ukawahi kuingia katika vipindi 2, fikiria narkolepsi, ugonjwa wa ubongo wa kushikwa na usingizi mchana.

Tabibu_Bara:
Shukrani. Anameza amitriptilini miligramu 25 usiku, dawa ya maumivu ya mgongo.

mkesha:
Hilo ungeanza nalo, mkuu! Yenyewe husinziza mpaka mchana, na inakandamiza usingizi wa ndoto. Ongea na aliyemwandikia, ipunguzwe taratibu. Polisomnografia ya kusaka pumzi isingoje; kingoje kipimo cha mchana, wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho.