Bei ya umeme ya mlalahoi anaila mwenye mita yake, sisi wapangaji tulale giza?

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe mpangilio.

Napanga Daraja Mbili hapa Arusha. Nyumba moja, vyumba saba, kila chumba kaya yake, mita moja. Mimi ndiye katibu wa luku: nina daftari la nani ana friji, nani ana pasi, nani ana taa moja na chaji ya simu. Mwenye friji anatoa 15,000, mwenye taa 4,000. Kazi hii imenikosanisha na watu kuliko siasa.

Usiku wa kuamkia tarehe 1, saa nane, mama wa chumba cha tano akanigongea. Mwanawe ana pumu, na baridi ya Chuga mwezi wa saba mnaijua. Alikuwa ameikumbatia ile mashine ya kuvutia dawa, ya kuchomeka kwenye umeme, waya unaburuta sakafuni. "Kaka, luku imezima." Kwenye simu alikuwa na elfu tano na ushee. Tukanunua ya 5,000.

Zikaja uniti 9.8.

Mwezi mpya ulikuwa umeingia saa mbili tu zilizopita, kwa hiyo 1,500 ya kodi ya jengo ilikuwa imeshanyofolewa. Kodi hii ilihamia kwenye luku 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda. Jengo ni la mwenye nyumba, anakaa Njiro, hata chokaa hajapaka tangu nihamie. Tuliambiwa mpangaji akamalizane naye. Haya, nenda kamalizane naye uone notisi inavyokuja mbio.

Hiyo 1,500 naimeza. Ninayoshindwa kumeza ni D1, bei nafuu ya TANESCO kwa watumiaji wadogo. Usipozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni 100, ukijumlisha VAT, tozo ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika 122. Kwa 5,000 unapata kama uniti 41. Sisi tuko T1, bei ya kawaida: 292, na makato yake 356. Kosa letu? Mita inapita 75. Sasa kaya saba isipite vipi? Mwezi wa sita tuliunguza uniti 168. Gawanya kwa saba, ni 24. Hakuna kaya humu ndani inayoikaribia 75, lakini wote tunalipa bei ya mwenye nacho. Na kuna mtu ana nyumba nzima peke yake, geti la chuma, anapikia gesi, nusu ya mwezi yuko safari, anakula 122 yake kwa raha.

Nilikwenda dirishani TANESCO kuuliza. Dada wa watu alinijibu kwa adabu, simlaumu: "D1 ni ya mita kaka, siyo ya mtu." Mwenye nyumba nikamwomba tufunge mita za ziada kwa hela yetu. Akauliza, siku ukihama utaondoka nayo?

Asubuhi nikapita serikali ya mtaa. Kuna fungu lolote la dharura, mtu akikwama luku au bili ya maji? Wakanitajia TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini. TASAF ina kazi yake, lakini ni ya kaya zilizokwishaandikwa, na hela inakuja kwa awamu. Pumu inangoja? Waliotoa 10,000 kabla ya saa mbili asubuhi ni akina mama wa kikoba, kutoka mfuko wao wa jamii. Wauza mchicha, wakuu.

Shemeji yangu yuko Marekani anasema kule serikali kuu ina mfuko wa kusaidia kaya za kipato cha chini bili za nishati tangu 1981, na ukikaribia kukatiwa kuna fungu la dharura. Najua, mtasema wale matajiri. Kikoba chetu nacho ni tajiri?

Na msije na ile ngonjera ya "umeme siyo wa bure". Nani kaomba bure? Mtaa unatujua wapangaji wote, mita ya nyumba kama yetu ipewe uniti 75 kwa kila kaya. Halafu mtu akizimikiwa usiku akopeshwe uniti tano, akatwe akinunua tena. Kukata wanajua sana, kodi ya jengo haijawahi kusahau hata mwezi mmoja.

Mtoto alivuta dawa saa nane na nusu, akalala. Kama kuna mpangaji wa chumba aliyewahi kurudishwa D1, aje aseme alipita mlango gani. Ile 10,000 ilitupa uniti 28. Leo tarehe 6, mita inasoma 2.1 na chumba cha pili wanapiga pasi.