Kuuza rupia 15 ya Tabora mtandaoni nikiwa Mwanza

Nyegezi_1: Wakuu, nina sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya Mjerumani, ile ya tembo, iliyotengenezwa Tabora 1916. Nataka mnunuzi wa nje kupitia mtandao. Naanzia wapi nisiibiwe?

Mizani: Mkuu, tafuta mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01. Halisi ina gramu 7.17 hivi, dhahabu asilimia 75. Weka glasi ya maji juu ya mzani, rudisha sifuri, kisha izamishe kwa uzi isiguse chini wala ukingo. Mzani utaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu; ukisoma karibu gramu 0.5, sawa. Ukisoma 0.8 na zaidi, hiyo ni shaba iliyopakwa dhahabu. Pale soko la dhahabu usikubali waisugue kwenye jiwe au kuitia tindikali. Mkwaruzo unaua bei. Na usiisafishe! Dawa ya meno iachie meno.

Dada Kirumba: Usiiweke eBay ikiwa tupu, bila uthibitisho. NGC au PCGS, kampuni za kukagua sarafu, waithibitishe na kuifungia kwenye kasha lenye namba. Mnunuzi akilipa kwa PayPal ana siku 180 za kulalamika, na anaweza kukurudishia feki badala ya yako. Kwa bei hiyo mimi ningeenda nyumba ya mnada, kamisheni iume tu.

Nyegezi_1: Asante dada. Na visarafu vya shaba vya Kilwa?

Mizani: Hivyo usiviguse kaka, ni vya masultani wa kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuvitoa nchini bila kibali ni kesi. Hata huyo tembo, uliza Idara ya Mambo ya Kale kwanza, upate jibu la maandishi.