Homeland msimu wa 5, episodi ya 2: ukuta unawatukana wenyewe na hakuna hata mmoja aliyeusoma!

Wakuu, heshima kwenu.

Nimechoka kuona Homeland inasifiwa humu kwamba ndiyo tamthilia ya kijasusi yenye "uhalisia" kuliko zote. Kila anayeomba apendekezewe cha kuangalia anatupiwa hiyo, tena kwa mbwembwe, eti waandishi wake walikuwa wakikaa Washington na majasusi wenyewe kabla ya kuandika msimu mpya. Ni kweli walikaa nao. Haya, leo tuuchambue huo uhalisia. Na wewe wa "ni maigizo tu mkuu, usikaze" kaa pembeni kwanza, zamu yako inakuja.

Episodi ninayoisemea ilirushwa Marekani Oktoba 11, 2015. Carrie Mathison, jasusi ambaye ndiye mhusika mkuu, ameshaachana na CIA, yuko Berlin, analinda usalama wa taasisi ya tajiri wa Kijerumani anayeitwa Otto Düring. Tajiri anataka kutembelea kambi ya wakimbizi wa Syria huko Lebanon. Kuna mahali Carrie anapita kando ya ukuta na msindikizaji wake, na juu ya ukuta huo kuna maandishi ya Kiarabu, makubwa, hayakuzibwa na chochote. Yanasema: Homeland ni ya kibaguzi.

Rudia kusoma. Tamthilia inaitwa Homeland, na ukuta wake yenyewe unaiita ya kibaguzi. Kwenye kuta nyingine waliandika kwamba Homeland ni mzaha usiochekesha, na kwamba Homeland ni tikiti maji, ambayo kwa watu wa Syria na Lebanon ni namna ya kusema upuuzi mtupu.

Ilikuwaje? Kambi hiyo haikuwa Lebanon, ilijengwa Ujerumani, nje ya Berlin. Watayarishaji wakataka kuta zifanane na za kambi ya kweli, wakatafuta wachoraji wa maandishi ya ukutani ya Kiarabu. Wakampata Heba Amin, msanii wa Kimisri, na wenzake Caram Kapp na Don Karl. Hawa walikuwa na hasira na tamthilia hii tangu zamani, wakaona mlango umejifungua wenyewe. Waliambiwa maandishi yasiwe ya kisiasa. Halafu wakapewa picha za kuigilizia, na picha zenyewe ni za maandishi ya kumsifu Assad! Yaani kambi imejaa watu waliokimbia mabomu, halafu ukutani wamsifu rais aliyekuwa akiwapiga kwa mabomu hayo. Hapo tu mtu mwenye akili angeuliza swali.

Na kilichoniudhi kuliko vyote ni hiki. Kwa maelezo ya wasanii hao, kazi ya kuandaa eneo lilikuwa jambo la siku 2, ya 3 kamera ziwashwe, na mafundi walihangaika na kila kidude: vibanio vya plastiki vya kuanikia nguo, hadi pindo za mapazia ya plastiki zilizochakaa zionekane zimechakaa kweli. Kibanio cha nguo kimekaguliwa. Lugha ya watu haikukaguliwa. Hakuna aliyeinua simu akamuuliza Mwarabu mmoja, ndani ya Berlin, mwaka 2015, mji ukipokea Wasyria kila siku! Baada ya hapo picha zikapita kwa mhariri, zikapita kwa wakubwa wa televisheni, zikaenda hewani. Kwa hao wote, Kiarabu ni pambo la kutishia watazamaji. Kikionekana tu, basi, mtazamaji ajue hapa kuna hatari.

Sasa wewe wa "ni maigizo tu". Ingekuwa vichekesho, ningekubali. Lakini hii ni tamthilia inayojiuza kwa kujua. Kazi ya jasusi ni nini kama si kusoma yaliyo mbele yake? Carrie tunaambiwa anakijua Kiarabu, ndiye bingwa wa Mashariki ya Kati, anaona ambacho bosi wake wa zamani Saul na CIA nzima hawakioni, halafu anapita mbele ya ukuta unaomsema yeye bila hata kugeuza shingo.

Wala si mara ya kwanza. Msimu wa 2, mwaka 2012, walituonyesha mtaa wa Hamra, Beirut, umejaa wapiganaji wenye bunduki. Hamra! Mtaa wa migahawa, maduka na wanafunzi wa vyuo vikuu. Na picha hizo zilipigwa Israel. Waziri wa utalii wa Lebanon wakati huo, Fadi Abboud, alichukia hadi akatishia kwenda mahakamani, na simlaumu. Msimu wa 4 wakaenda Islamabad, yaani Cape Town iliyovishwa kanzu. Wapakistani wanaoijua Islamabad ya barabara pana, miti na vilima vya Margalla wakabaki wanashangaa hilo jalala limetoka wapi.

Kuna wanaosema wale wasanii walikosa uaminifu, wamekula hela ya mtu kisha wamemchafua. Mimi nasema walimtendea haki. Walipewa ukuta, wakaandika ukutani. Hawakuficha, hawakutumia mafumbo, waliandika kwa lugha inayosomwa na mamilioni ya watu, wakiwemo kaka na dada zetu kibao walioko Muscat na Dubai. Mwenye ukuta ndiye hakusoma.

Yalipofichuka, Alex Gansa, mmoja wa waanzilishi wa tamthilia, akasema wangependa kuwa wameyaona kabla hayajarushwa, ila hawana budi kuvutiwa na hujuma hiyo ya kisanaa, kwa kuwa nao hupenda kuchokoza mijadala. Jibu jepesi hilo! Mtu anakwambia umenikosea, wewe unampigia makofi kwa jinsi alivyolisema vizuri, halafu unaendelea na safari.

Na tusijione tuko salama, eti hayo ni ya Waarabu. Howard Gordon, aliyeanzisha Homeland pamoja na Gansa, ndiye aliyeandika 24: Redemption ya mwaka 2008, filamu ya ile tamthilia ya 24, ambapo shujaa wake Jack Bauer yuko Afrika. Nchi gani? Sangala. Haipo kwenye ramani, nadhani waliokota jina hilo sokoni Mwanza kwenye meza ya samaki. Na jenerali katili anayeteka watoto wawe askari anaitwa Juma. Tuliangalia, tukashangilia, wengine mkaomba muendelezo.

Sijasema waigizaji ni wabovu. Claire Danes (Carrie) anajua kazi, Mandy Patinkin (Saul) ndiyo usiseme, na Rupert Friend kwenye nafasi ya jasusi Quinn msimu huo wa 5 alinikosesha usingizi. Ndiyo maana nina hasira zaidi. Ingekuwa takataka ningezima nikalala.

Naomba kuwasilisha. Najua kuna shabiki atakuja kuutetea msimu wa 4. Karibu sana mkuu, ila anza na ile Islamabad.