Mdogo wangu anadaiwa barua ya daktari wa akili kabla ya operesheni. Ya nini?

Fundi_wa_Ngamiani:
Habari za humu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, yuko Marekani mwaka wa 9 sasa. Tulimlea kama mvulana, leo ni mwanamke. Kwangu bado ni mdogo wangu; neno lenyewe halina kike wala kiume, Kiswahili kimenisitiri hapo.

Jumapili kanipigia analia. Anataka operesheni ya chini. Daktari kataka barua ya mtaalamu wa afya ya akili, bima ikadai ya pili. Halafu aache sigara. Halafu vinyweleo vya huko ving'olewe kwa sindano ya umeme, kazi ya miezi. Halafu awe na mtu wa kumuuguza nyumbani. Mtu akienda kutolewa kidole tumbo nani humdai barua ya kichwa? Anazungushwa, au kuna maana? Matusi bakini nayo.

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu, hiyo operesheni sijawahi kuiona, lakini nimesimama chumba cha upasuaji miaka 27, na sigara naijua. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Nyama iliyohamishwa ikashonwa mahali pengine ikikosa damu, inaoza. Na uke hutengenezwa mara nyingi kwa ngozi ya uume na ya korodani. Vinyweleo visipotolewa vitaota ndani, na huko wembe haufiki. Wewe fundi, kitambaa huroweki kabla ya kukata? Aulize pia kama aache estrojeni, homoni ya kike, kwa muda, wapo madaktari wanaohofia damu kuganda.

Baharia_Chumbageni:
Huyo huntha? Huntha ndiye aliyeruhusiwa.

Fundi_wa_Ngamiani:
Si huntha, kaka. Huntha huzaliwa na maumbile yasiyo wazi. Na kama ni habari ya ruhusa, kule Iran Khomeini alitoa fatwa ya kuruhusu tangu miaka ya 1980. Turudi kwenye barua.

Mdigo_Ughaibuni:
Dada, aliyebana hapo naona ni bima kuliko daktari. Kuna mwongozo wa kimataifa wa WPATH, chama cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia. Toleo la 7, la 2012, lilitaka barua 2 kwa operesheni ya chini, homoni miezi 12, na miezi 12 ya kuishi kama mwanamke. Toleo la 8, la 2022, limeshuka hadi barua 1, na homoni angalau miezi 6 kwa anayezihitaji. Bima nyingine bado zimeng'ang'ania la zamani. Aombe masharti yao kwa maandishi.

Na barua haisemi ana wazimu. Shirika la Afya Duniani limelitoa jambo hili kwenye sura ya magonjwa ya akili katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Mwandishi anaangalia kama hali imedumu, na kama mhusika anaelewa anachokubali. Mfano kuzaa: korodani zikitolewa, basi. Ameshaulizwa kuhusu kuhifadhi mbegu?

Nesi_Mstaafu:
Na huyo muuguzaji wa nyumbani msimpuuze. Wiki za mwanzo habebi ndoo, hachuchumai, na kila siku, zaidi ya mara moja, anaingiza kifaa cha kupanua ili njia isizibe. Mtu peke yake analia chooni.

Fundi_wa_Ngamiani:
Nimempigia. Sigara wiki ya 3 hajagusa. La mbegu walimuuliza, alijibu haraka haraka. Sasa kaomba siku arudi kuzungumza. Barua ya pili anaifuata wiki ijayo.

Kwenda mimi sitaweza, na mama bado hajaambiwa. Binamu yetu aliye huko kakubali kukaa naye wiki 2, ya 3 tunatafuta. Nesi, namshonea madera mawili mapana, kitambaa laini kisichokwaruza. Kuna mtu anasafiri mwezi ujao, atampelekea.